Kiingereza cha Punda

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha heshima, kikavu, cha mtu mwenye mapafu mazima kabisa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunitangazia kwamba anapita ili mimi nipotee. Akikohoa getini, naingia jikoni. Akikohoa karibu na banda la kukaushia tumbaku, najibanza nyuma ya tangi la maji. Siku moja alikohoa kweli, vumbi la Chunya lilikuwa limempalia, nami nikakaa chooni karibu asubuhi nzima nikimsubiri amalize kupita.

Mume wangu ni Mnyakyusa, na katika ukoo wao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na jina la mzee mkamwana halitamki hata kwenye maombi. Wenzao wengi, hasa wa Mbeya mjini, wameshayaacha mambo hayo. Mtu anakula wali meza moja na mkwewe na hakuna anayedhurika. Lakini familia niliyoolewa mimi ilihamia Chunya zamani kufuata kilimo cha tumbaku, na waliohama wanazishika mila kuliko waliobaki nyumbani, nadhani kwa kuogopa kusahau. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu mkwe anaheshimiwa vilevile, ila ukishapiga goti na kusema kamwene, salamu yetu, unaulizwa habari za safari, mambo yanaendelea. Hii ya kucheza kombolela na mzee mzima ilinishinda.

Niseme wazi kilichoniuma. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na sauti yake siikumbuki hata nijitahidi vipi. Nilipokuwa naolewa nilijiambia kimoyomoyo kwamba sasa nitapata baba wa kuongea naye, wa kumweleza habari za shule na kumuuliza kama mvua itanyesha. Nikapata kikohozi. Hasira za Kihehe mnazisikia, basi mimi nilizibeba ndani ya kifua mwaka mzima nikitabasamu mbele ya mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila hiyo kuliko hata mzee mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Uhamisho ulinileta Chunya, nyumba za walimu zikawa zimejaa, na mume wangu alikuwa dereva wa malori Mbeya, anarudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo nikakaa kwa wakwe, kwenye vyumba viwili vya uani. Jiko langu la nje lilipakana na zizi la punda, katikati kukiwa na uzio wa mabua. Punda hao walikuwa roho ya baba mkwe. Asubuhi walivuta mkokoteni wa madumu ya maji kuwapelekea watu majumbani, mchana walibeba mawe ya wachimbaji kwenda kwenye karasha, kule yanakosagwa ili dhahabu itafutwe. Alikuwa na madume kadhaa, na jike mmoja wa kijivu aliyempenda kupita kiasi.

Kama watu wengi wanavyowasemesha mbwa wao Kiingereza, yeye aliwasemesha punda. Aliamini kwamba mnyama akizoea Kiswahili anadharau. Basi kila kulipokucha nilikuwa nasikia kutoka upande wa pili wa uzio: "Go! Go! Stop! No nonsense!" Hayo aliyaokota ujanani, alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu mmoja, na aliyatunza vizuri. Kwa yule jike lakini alibadilisha sauti. Alimbembeleza. Alimwita "Misisi Donki."

Asubuhi moja ya Misisi Donki nilikuwa nachambua maharage. Nilijaribu kujizuia. Mwalimu wa Kiingereza ana ugonjwa mmoja, akisikia kosa mwili unamuwasha, na mimi nilikuwa na mimba changa iliyonifanya nisiwe na subira na chochote. Tena neno lenyewe nilikuwa nalo. Shuleni kwetu Iringa tulikaririshwa majina ya wanyama dume na jike kwa fimbo, bata na mbweha na nani, na tangu siku hiyo sijawahi kuyahitaji hata mara moja. Waingereza wenyewe, nina hakika, wengi wao wakikutana na punda jike wanamwita punda jike tu na kuendelea na safari. Lakini mimi nilichapwa kwa ajili ya neno hilo na nilikuwa nalidai.

Nikainua uso nikaiambia sufuria, kwa sauti ya darasani: "Wewe sufuria, kwa Kiingereza punda jike anaitwa jenny. J, e, n, n, y. Jenny."

Hata punda walinyamaza. Nilijua nimefanya balaa, nikaanza kufikiria nitamwelezaje mume wangu kwamba nimerudishwa Iringa kwa sababu ya sufuria. Kisha nikasikia mzee akishusha pumzi na kumwambia punda, taratibu:

"Umesikia, mama? Kumbe wewe ni jeni. Miaka yote nakuita jina la mtu mwingine. Sorry."

Kikohozi kikafuata, kirefu, akaondoka na mkokoteni. Nilikaa pale na maharage yangu nikicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Alikuwa amesema maneno kwa sababu yangu.

Kesho yake akarudi. Nilimsikia akisimama karibu na uzio, akijifanya kumkwangua punda matope. "Sasa jeni," alimwambia punda, "na huyu mume wako naye ni nani? Maana haiwezekani mke awe na jina la heshima, mume abaki donki."

Nikaigeukia sufuria. "Dume lake ni jack."

"Jeki!" alisema, na nilimsikia akimpiga dume mmoja kofi la mgongo. "Gwe, jeki, simama vizuri."

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Yeye alimuuliza punda, mimi niliijibu sufuria, na wala hatukuvunja mila kwa kuwa hakuna aliyesema na mwenzake. Aliniuliza, yaani alimuuliza punda, juu ya nyumbu anayezaliwa punda dume akimpanda farasi jike, nikaiambia sufuria kwamba ni mule, na jike lake ni molly. Alimuuliza kuhusu yule anayezaliwa kinyume chake, baba farasi na mama punda, nikasema hinny. Alifurahi mno kusikia kwamba Waingereza wanatofautisha mama akiwa punda na mama akiwa farasi. "Hao watu wana ukoo," alimwambia punda. "Wanajua kila mtu katoka tumbo gani." Jike alipozaa mtoto wa kike, darasa lilikuwa zito kabisa. Mtoto wa punda kwa ujumla, foal. Mtoto wa kike, filly. Wa kiume, colt. Alirudia "fili, fili, fili" akizunguka zizi zima, na mimi jikoni nilikuwa nanyanyua mwiko kama fimbo ya kuongozea kwaya.

Alikuwa mwanafunzi mwenye majivuno. Muuza duka jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alinisimulia mwenyewe siku nilipokwenda kununua chumvi. Alisema mkwe wangu siku hizi haingii dukani bila kuuliza maswali ya mitihani. "Mwalimu," aliniambia akirekebisha kofia yake, "jana ameniuliza jike la nyumbu linaitwaje kizungu. Nimemwambia sisi kwetu nyumbu huyo tunamwita baghala, na inatosha. Amenicheka mbele ya wateja! Hayo mambo anayatoa wapi?"

"Sijui, mzee," nilisema. "Labda punda wanamfundisha."

Aliyetutia matatani ni masikio ya mama mkwe. Siku moja alitoka kisimani mapema kuliko kawaida, mzee akasikia hatua zake na kunyamaza ghafla. Mimi sikusikia. Mama mkwe alinikuta nimeinamia uzio wa mabua, tumbo mbele, mwiko mkononi, nikimwambia punda kwa Kiingereza safi: "You are a jenny. Your daughter is a filly. Very good!"

Alishusha ndoo, akanipa uji, akanitazama ninavyounywa. Jioni hiyo nilimsikia akimpigia simu mume wangu: "Mwanangu, mimba imempanda kichwani. Anaongea na punda. Tena kizungu. Na anamsifia."

Mume wangu alinipigia akicheka, nikamwomba anyamaze kimya, kwa sababu kujitetea kungemaanisha kumtaja mzee. Nilikuwa tayari kuitwa chizi kuliko kulipoteza darasa langu. Kwa hiyo Jumamosi kina mama wa kanisani wakaja, na vitenge vyao na nyimbo zao, wakanikalisha kwenye mkeka uani. Waliniwekea mikono kichwani, tumboni, mabegani. Waliomba kwa Kiswahili, wakaomba kwa Kinyakyusa, na mmoja aliyekuwa na sauti ya kuvunja vikombe akaita: "Pepo la punda, toka!"

Punda jike akalia. Nadhani alidhani ameitwa yeye. Alilia kwa kirefu, kwa namna ile punda anavyolia, anavuta ndani anatoa nje, na mtoto wake akamdakia. Kina mama wawili waliruka kutoka kwenye mkeka. Mwenye sauti akasema, "Mmeona? Linatoka!" Na hapo, kutoka nyuma ya uzio, kikasikika kikohozi.

Hakikuwa kile cha kawaida. Kilianza kama kikohozi, kikavunjika katikati, kikaishia kwenye kitu kama mtu anayekabwa na chakula. Kina mama waliendelea na maombi. Mama mkwe peke yake alinyanyua mkono kutoka kichwani kwangu, pole pole, akageukia zizi. Alikuwa ameishi na mtu yule tangu usichana wake. Alijua mume wake anavyokohoa, na alijua mume wake anavyocheka.

Aliwashukuru wageni, akawapa chai na mihogo, akawasindikiza hadi njiani. Kisha akaja akaweka kigoda katikati ya uwanja, mahali ambapo angesikika jikoni na zizini, na kufungua kesi.

"Mimi jikoni nasikia," nilisema, maana nilikuwa nimesharudi huko.

"Sijakuuliza wewe. Baba watoto, toka huko kwa punda ujibu. Au kaa hukohuko, maana mkamwana yuko hapa. Umekuwa ukiongea na mke wa mwanao?"

"Nani? Mimi?" ilijibu sauti kutoka zizini, ya mtu aliyeonewa. "Mimi naongea na punda wangu. Mila gani inamkataza mtu kuongea na punda wake?"

"Na wewe, mkamwana?"

"Mimi naongea na sufuria, Mama."

"Msinifanye mtoto!"

Kisha mzee akaleta hoja ambayo mpaka leo naiona ni ya wakili. Alisema wazee waliotunga mila ile walikataza mkwe na mkamwana kusemeshana, sawa, lakini walikataza kwa lugha waliyoijua. Kiingereza hawakukijua. Mtu hawezi kukataza kitu ambacho hajawahi kukisikia. Na Kiingereza chenyewe, alisema, ni cha wanyama tu, hakina hata salamu ndani yake.

Niliona kidole cha mama mkwe kikichora mavumbini. Mimi mkono mmoja ulikuwa kwenye tumbo, nikiwaza kwamba akikataa, basi nitarudi kwenye kikohozi mpaka mmoja wetu afe, na mtoto wangu atakua akidhani babu ni mlango unaofungwa. Nilitaka kutoka na kumpigia goti. Sikutoka, kwa sababu mzee angeniona, na kesi ingeishia hapo.

"Haya," alisema hatimaye. "Kiingereza cha punda. Hicho tu. Siku nikisikia neno moja la Kiswahili, au la kwetu, huyu anarudi Iringa na wewe unahamia kwa punda wako kabisa."

Basi tukaishi hivyo. Asubuhi mzee alisema "Jeni?" na mimi jikoni nikajibu "Jenny", na hiyo ilikuwa umeamkaje na nimeamka salama. Sikuihitaji tena sufuria. Akiwa na furaha alisema "Jeni, jeki, fili" kwa mfululizo kama anayeimba. Siku wachimbaji walipomchelewesha kwenye karasha alirudi akasema "Mule" tu, kwa uchovu, nami nikasema "Mule", nikimpa pole kwa jinsi nilivyoweza. Huwezi kuamini mambo mangapi yanaingia ndani ya maneno machache ya punda mkishakubaliana. Mama mkwe alipita katikati yetu akibeba kuni, uso mkavu, kama askari anayepita kwenye mazungumzo ya wafungwa akiwa ameruhusu mwenyewe.

Ugomvi wetu pekee ulikuwa juu ya pundamilia. Miezi ya mwisho ya mimba yangu mzee alimwambia mkewe kwa sauti, ili nisikie, kwamba jike la pundamilia bila shaka litakuwa jeni wa milia, na kwamba akirudi dukani atamtahini yule jirani. Sikuweza kumwacha aende kuaibika. Nilisema: "No. Mare."

"Mele?"

"Mare. Zebra, mare." Nikaongeza jina la farasi kwa Kiingereza, horse, mare, ili aelewe kwamba neno hilo ni la farasi jike na pundamilia amepewa hilohilo.

Alichukia kabisa. Kwa kuwa hakuruhusiwa kunijibu kwa lugha ya binadamu, alimlalamikia mkewe. Pundamilia ni punda! Jina lenyewe linasema! Hajawahi kubeba hata dumu moja la maji, anakula majani ya serikali tu, halafu Waingereza wanampandisha daraja la farasi? Kwa sababu gani, nguo? Na huyu jike wake anayefanya kazi tangu asubuhi abaki jeni? Mama mkwe alimwambia asimpigie kelele yeye, hakuwahi kuwa Mwingereza. Mzee alinuna siku mbili, kisha akaja kwenye uzio akasema "Zebra, mele", kwa sauti ya mtu anayesaini kitu asichokubaliana nacho.

Uchungu ulinianza shuleni, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Sitasimulia yote. Ulikuwa mrefu, damu ikatoka nyingi, na kuna saa fulani wauguzi waliacha kuniambia nitulie na kuanza kuambiana wao kwa wao, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikaa hospitali siku kadhaa. Mtoto alikuwa mzima, wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira zetu.

Nilirudi nyumbani mchana, nikishikwa mkono, nikalazwa kwenye kile chumba cha uani, dirisha likiwa wazi upande wa zizi. Watu waliingia. Kina mama wa kanisani, walimu wenzangu, mke wa muuza duka na bakuli la tambi. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Ana kilo ngapi? Kafanana na nani? Analala vizuri? Mume wangu alikuwa anapiga simu huku na huku akitangaza. Mimi niliwajibu wote na kutabasamu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kope zilikuwa nzito, na nilikuwa na hamu ya kulia, ila sikupata nafasi kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya mtu mwingine.

Wageni walipopungua, nikasikia katambuga za mzee, zile za matairi, zikija upande wa zizi. Zikasimama chini ya dirisha. Hakukohoa.

"Fili?" aliuliza.

Alikuwa ameshajua. Mkewe alimwambia, mwanawe alimpigia, mtaa mzima ulijua. Lakini alitaka kuniuliza mwenyewe, na kuniuliza mimi.

"Filly," nilisema.

Nikasikia akicheka kidogo, peke yake. Nilidhani ataondoka. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu akimkanda mtoto kwa maji ya vuguvugu, na alishaanza kugeuza kichwa kuelekea dirishani. Katambuga hazikusogea. Mzee alikuwa anatafuta neno, na katika yale aliyokuwa nayo hakukuwa na mengi ya kuchagua. Mama mwenye mtoto, kwa punda, ni jenny. Alilitumia kila siku. Ila kwa lugha zetu zote mtu humwiti mtu punda, si mtu aliyetoka kujifungua, na si mke wa mwanao.

"Mele?" alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mele gudi?"

Alinipandisha cheo mpaka farasi ili aweze kuniuliza kama mimi ni mzima. Katika watu wote walioingia mlangoni siku ile, hakuna mwingine aliyeuliza. Machozi yakaanza kunitiririka masikioni, nikiwa nimelala chali, na sikuyafuta.

"Mare is good," nilisema. Kisha neno la Kiswahili likanitoka kabla sijalikamata. "Mare is good, Baba."

Mama mkwe alinitazama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa mtoto. Nilingoja aseme kuhusu Iringa. Badala yake akainama, akachota maji, na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, kwa nguvu kubwa kuliko chumba kile kilivyohitaji, uso wake akiwa ameugeuzia ukuta.

Chini ya wimbo huo, kutoka dirishani, nikasikia kwa Kinyakyusa asante, na baada yake neno moja la Kiswahili.

"Ndaga, mwanangu."

Mama mkwe akaongeza sauti.